Heshima ya Naiti, Deni la Mkulima

Kuna kijana hapa kijiweni ameamua kuwa naiti. Msicheke. Nasema wale wapanda farasi wa Ulaya ya kale, waliovaa chuma toka utosini hadi unyayoni na kubeba ngao yenye picha ya simba. Farasi hana, ana pikipiki ya mkataba ambayo hajamaliza kuilipia. Lakini orodha anayo. Kaipata kwenye simu, katusomea kwa sauti ya mshenga anayesoma barua ya posa: ushujaa, ukweli, utiifu kwa bwana wako, ukarimu, upole kwa mnyonge, kumtetea mjane na yatima, kutomkimbia adui, kutovunja kiapo. "Wazee wangu," akamaliza, "kuanzia leo mimi naishi hivi."

Nikasonya. Sikupanga, ulimi ulinitangulia. Mwalimu mstaafu, anayekunywa kahawa bila kashata kwa amri ya daktari, akanigeukia: "Mtoto wa watu anataka wema, wewe unamsonyea?"

Aka, simsonyei kutaka wema. Vijana wangapi siku hizi wanaamka asubuhi na kuutaka? Ninachosonyea ni hiyo orodha. Imemfikia haina jina la mtu, haina mwaka, wala haisemi gharama zilibebwa na nani. Nikamwambia, bwana mdogo, kaa hapo, agiza kikombe, nikusimulie hao manaiti wako waliishi vipi na orodha hiyo, kisha utaamua mwenyewe.

Jiulize kwanza: mtu anaapishwaje asimwibie mkulima? Nani alikuwa anamwibia? Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, Ufaransa, wakatoa laana kwa wanaovunja makanisa, wanaopora kondoo, ng'ombe na punda wa maskini, na wanaowapiga mapadri wasio na silaha. Laana hiyo haikuwa ya majambazi wa porini. Ilikuwa ya mabwana wenye ngome na vijana wao wa farasi. Mfalme wa Ufaransa wakati huo taji alikuwa nalo, nguvu hana. Ukitoka kidogo nje ya ardhi yake, serikali ni yule mwenye ukuta wa mawe na watu ishirini wa mikuki. Anashuka, anachukua mbuzi, anapanda kwake. Utamshitaki wapi, na hakimu ni yeye?

Mwaka 1023 Askofu Warin wa Beauvais akaandika kiapo cha kuwaapisha watu hao. Ukikisoma unawajua majirani zake. Mpanda farasi aape kwamba hatamkamata mkulima, mwanamume wala mwanamke, wala mfanyabiashara, hatamchapa ili atoe alichonacho, hatabomoa kinu, hatakata mizabibu ya watu, hatachoma nyumba, isipokuwa kama ndani yake yumo adui yake mwenye farasi, au mwizi. Na nyumbu au farasi wa mtu aliyeko malishoni asichukuliwe kuanzia tarehe 1 Machi hadi Sikukuu ya Watakatifu Wote.

"Inaangukia Novemba mosi," mwalimu akafafanua.

"Sasa Desemba?" kijana akauliza.

"Desemba ruksa," akajibu muuza kahawa, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Chekeni, lakini orodha ilizaliwa hapo. Kabla haijawa sifa ilikuwa katazo. Katika miaka ya 1040 kanisa likaongeza lingine: marufuku kupigana kuanzia Jumatano jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Siku za kuuana zikabaki Jumatatu, Jumanne na mchana wa Jumatano. Baadaye wakaja washairi na wahubiri, wakayageuza makatazo kuwa fadhila, na yule aliyekuwa anakatazwa kumpora mjane akatangazwa mlinzi wa mjane. Sibezi kazi yao. Mtu akisifiwa kila siku kuwa mlinzi, kuna siku ataona haya kupora. Ila tusiambiane kwamba wema huo ulitoka kwenye damu ya kibwana. Ulitoka kwa watu waliochoka kuibiwa.

"Basi nitajie mmoja aliyeishi nayo," kijana akadai. Haki yake. Nikamtajia William Marshal, Mwingereza, na hapa nitakaa kidogo maana mtu huyu ana utamu wake.

Mwaka 1152, William akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, Mfalme Stephen aliizingira ngome ya baba yake huko Newbury. Baba akaomba siku chache za kusimamisha vita, akamtoa mtoto awe rehani kwamba hatafanya hila. Mtoto alipofika kambini kwa mfalme, baba akaingiza askari na chakula ngomeni. Mfalme akatuma ujumbe: mwanao atanyongwa. Baba akajibu kwamba anazo bado nyundo na fuawe za kufulia watoto wengine, tena bora kuliko huyo.

Mama wa vitumbua akaacha kugeuza. "Baba gani huyo?"

Baba naiti, mama. Aliapa, akavunja, na rehani ya kiapo ni mwana wa kumzaa. Aliyemwokoa mtoto ni adui. Stephen alishindwa kumnyonga; wanasimulia alionekana hemani akicheza naye, kila mmoja na vikonyo vyake vya majani, wakishindana nani atakikata kichwa cha kikonyo cha mwenzake. Orodha yako, bwana mdogo, siku hiyo ilivunjwa na mzazi ikashikwa na adui. Hilo nawapa manaiti, tena kwa mikono miwili: Stephen alionekana mfalme dhaifu kwa sababu ya huruma zake, na bado aliziona bora kuliko ngome.

Mtoto akakua, akapewa upanga. Katika vita vyake vya kwanza, huko Drincourt, Normandy, alipigana mpaka farasi wake akauawa. Usiku kwenye karamu kila mtu anamsifu. Bwana mmoja mkubwa, William de Mandeville, akamwambia mbele ya watu: nizawadie basi hata mkanda wa farasi uliochakaa. Kijana akajibu kwamba hajawahi kuwa nao. Acha uongo, akaambiwa, leo umepata arobaini au sitini! Meza nzima ikacheka. Maana alikuwa amepigana kwa ushujaa wote uliomo kwenye orodha, na hakukamata mtu hata mmoja. Asiyekamata mtu hapati farasi wala silaha, na hana wa kumdai fidia. Ilimbidi auze joho lake apate farasi wa kubebea mizigo.

Somo lilimwingia. Akahamia kwenye mashindano ya mikuki, ambayo siku hizo hayakuwa watu wawili kukimbiliana uwanjani mbele ya mabibi kama kwenye sinema. Yalikuwa makundi mawili ya wapanda farasi yakifukuzana mashambani siku nzima, kwenye mizabibu ya watu, vijijini, popote. Ukimkamata mwenzako, farasi na silaha zake zako, na yeye anajikomboa kwa fedha. Marshal aliingia ubia na mwenzake mmoja, na kati ya Pentekoste na Kwaresima iliyofuata wakakamata manaiti 103. Makarani waliandika.

"Hiyo ni kampuni," akasema fundi viatu.

Kampuni kabisa. Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini naiti alimhurumia naiti mwenzake. Naiti hai ana ndugu wa kumlipia. Mpiga upinde wa miguu, mtoto wa mkulima, hana. Akianguka mbele ya farasi hakuna anayemwuliza jina. Sisemi huruma yao ilikuwa ya uongo. Nasema ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulipita pale mfuko wa mtu unapoishia.

Kisa kingine cha Marshal hunifurahisha kuliko vyote. Mwaka 1183 alikutana njiani na mtawa anatoroka na binti wa ukoo mkubwa. Akawahoji mtaishije. Mtawa akasema wana akiba ya paundi 48, watakwenda mjini waikopeshe kwa riba. Riba! Marshal akachukizwa sana na dhambi hiyo, akazichukua fedha zote, akaenda kuzigawana na wenzake wakati wa chakula. Mwenzake mmoja alikasirika kweli. Kwa nini? Kwa sababu wale wapenzi waliachiwa farasi na mizigo. Na habari hii haikuandikwa na adui zake: imo kwenye shairi refu la mistari zaidi ya 19,000 lililotungwa kwa gharama za mwanawe ili kumsifu. Kwa macho yao hiyo ni sifa. Kwa macho ya polisi wa kituo chochote ni jambo lingine.

Lakini mtu huyo huyo, Julai 1189, Mfalme Henry wa Pili alipokuwa anakufa Chinon, wana wamemwasi, mabwana wamehamia kwa mwanawe Richard, naye alibaki. Mfalme alipokata roho watumishi walimvua mpaka nguo, wakakimbia nazo. Wiki chache kabla, akilinda njia ili mzee akimbie, Marshal alikuwa amekutana uso kwa uso na Richard mwenyewe, akamchoma farasi wake akafa. Sasa Richard ndiye mfalme mpya, akamwita: ulitaka kuniua. Marshal angeweza kulia, kuomba, kumsingizia giza. Akajibu kwamba alilenga farasi, na angetaka kumpata mpanda farasi angempata. Richard akamsamehe, akampa na mke tajiri. Huo ndio utiifu na ukweli wa orodha yako, mzima mzima, mbele ya mtu anayeweza kukukata kichwa. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami sikusonya.

Alikufa mwaka 1219, akiwa ameshawatumikia wafalme kadhaa na kuushika ufalme wa Uingereza kwa niaba ya mfalme mtoto. Kitandani wakamwambia kanisa linafundisha arudishe alivyonyang'anya watu, ndipo aokoke. Akasema makasisi wanatunyoa karibu mno. Amekamata manaiti 500 maishani, akachukua silaha na farasi wao. Kama mbingu zinafungwa kwa ajili hiyo, basi, hawezi kuvirudisha. Nampenda kwa jibu hilo. Hakujifanya hakuchukua.

Shehe aliyekuwa anasubiri adhuhuri akauliza mbona tunazunguka Ulaya tu, Salahuddin tumemwacha wapi. Kweli. Manaiti wenyewe walimsifu. Mwaka 1187 naiti mmoja wa Kifaranki, yaani wa wale Wakristo wa vita vya msalaba, Balian wa Ibelin, alimwomba ruhusa ya kuingia Jerusalem kumchukua mkewe, akaapa kulala usiku mmoja tu na kutoshika silaha. Alipofika, watu wakamlilia abaki awaongoze kupigana na Salahuddin, patriaki wa mji akamfungulia kiapo. Salahuddin hakupiga kelele. Alimpa mke wa Balian askari wa kumsindikiza mpaka kwenye usalama. Mji ulipojisalimisha Oktoba, hakurudia mauaji waliyoyafanya Wafaranki humo mwaka 1099. Mwanamume alijikomboa kwa dinari 10, mwanamke 5, mtoto chini ya hapo. Patriaki akalipa zake 10, akatoka na hazina ya kanisa kwenye mikokoteni. Ndugu yake Salahuddin akaomba apewe mateka 1,000, akawaacha huru papo hapo. Na Salahuddin mwenyewe alipofariki mwaka 1193 hazina yake ilikutwa na dirhamu 47 na sarafu moja ya dhahabu.

"Umeona sasa!" shehe akasema.

Nimeona, shehe wangu, na huyo mimi namweka juu ya wengi. Ila maelfu ya watu wa Jerusalem wasiokuwa na dinari 10, na ambao patriaki wao alikuwa anapita na mikokoteni, waliishia utumwani. Hata kwa mkarimu kuliko wote, huruma ilikuwa na bei yake langoni. Shehe akavuta tasbihi, hakunibishia.

Sasa tuje kwa mtu aliyeiandika orodha. Wapo kadhaa, nachukua mmoja: Geoffroi de Charny, Mfaransa, aliyetunga kitabu cha unaiti karibu mwaka 1350. Ni kitabu cha heshima kweli, mwandishi wake alikuwa shujaa asiyetiliwa shaka. Lakini usiku wa kuamkia mwaka huo wa 1350 alikuwa wapi? Nje ya ukuta wa Calais, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza, na mfuko wa dhahabu. Kulikuwa na mapatano ya kusimamisha vita. Yeye alikuwa ameshampa mlinzi wa ngome, Mwitalia aitwaye Aimery wa Pavia, ahadi ya sarafu 20,000 ili amfungulie lango. Rushwa, ndugu zangu, tena ya usiku, tena wakati wa mapatano. Aimery akaenda kumweleza Mfalme Edward wa Tatu, lango likafunguliwa, na ndani alikuwa Edward mwenyewe anasubiri. Kisha, kwa kuwa wote ni waungwana, mfalme akawaandalia wafungwa wake chakula cha jioni. Alipomfikia Charny akamkumbusha kwamba alitaka kupata kwa sarafu 20,000 kitu ambacho yeye kilimgharimu zaidi ya hapo.

Charny alipokombolewa akamfuata Aimery, akamkamata, akamwua kwa kumsaliti. Ngome ya Aimery hakuigusa, aliiacha wazi akaondoka, ili isisemwe kwamba amevunja mapatano. Mnaona umakini wa mtu wa kanuni? Mimi nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu.

Lakini Charny alikufa kama alivyoandika. Tarehe 19 Septemba 1356, karibu na Poitiers, katika vita na Waingereza, aliishika bendera takatifu ya Ufaransa mpaka alipouawa nayo mkononi. Miaka minne kabla, katika vita vya Mauron, makumi ya manaiti wa chama kipya cha mfalme wa Ufaransa walikufa, yasemekana kwa sababu walikuwa wameapa kutorudi nyuma. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nadai hawakuamini. Waliamini mpaka kaburini.

Siku hiyo ya Poitiers alikamatwa mfalme wa Ufaransa, John wa Pili, pamoja na mwanawe mdogo. Jioni yake mshindi, mwana wa Edward, alimhudumia mezani kwa mikono yake na kukataa kuketi naye, akisema hastahili kukaa na mfalme mkubwa hivyo. Adabu! Ulaya nzima ikaisimulia. Fidia ikapangwa baadaye: ekyu za dhahabu 3,000,000.

Hapa nilimwomba muuza kahawa aniongezee, maana hapa ndipo nilipokuwa napaelekea. Tuwaache mezani wale wakarimu, tuangalie mashambani. Mabwana wa Ufaransa wameshindwa vita, mfalme yuko kifungoni, askari wasio na mshahara wanazurura wakipora. Mkulima anatozwa kodi alinde ngome ya bwana ambaye hakuweza kumlinda yeye. Mwishoni mwa Mei 1358, kaskazini ya Paris, wakulima wakalipuka. Walichoma majumba, wakaua mabwana pamoja na wake na watoto. Ulikuwa ukatili, sitauficha.

Mji wa Meaux ulikuwa na mabibi wa ukoo wa mfalme waliojificha. Waliokwenda kuwaokoa ni mabwana wawili wa pande zinazopigana: Gaston wa Foix, na Captal de Buch aliyekuwa upande wa Waingereza. Waliposikia mabibi wako hatarini walisahau vita vyao. Vizuri sana, kumtetea mwanamke, namba fulani kwenye orodha. Waliwatawanya washambuliaji, wakaua, halafu wakauchoma moto mji wa Meaux.

"Ndani ya huo mji hamkuwa na wanawake?" mama wa vitumbua akauliza.

Walikuwamo, mama. Wake wa wahunzi, wa wachinjaji, wa waoka mikate. Hao hawakuwa mabibi. Zaidi ya miaka 150 kabla yake kasisi mmoja, Andreas, aliandika kitabu cha namna mtu wa heshima anavyopaswa kumpenda mwanamke: maneno laini, subira, kupiga magoti. Alipofika kwa mwanamke wa shambani akaandika kwamba huyo anaweza kutumiwa nguvu kidogo. Mama alisonya msonyo mmoja mrefu kuliko wangu wote, akarudi kwenye kikaango chake.

Na wakulima wenyewe? Kiongozi wao, Guillaume Cale, aliwapanga vizuri mno karibu na Mello. Tarehe 10 Juni akafika Charles, mfalme wa Navarre, mjukuu wa mfalme wa Ufaransa kwa mama yake, na jeshi la manaiti. Alipoona wale watu wa majembe wamesimama kwa safu na hawatetemeki, hakushambulia. Akatuma ujumbe: njoo tuzungumze. Cale akaenda. Hakudai rehani, alitosheka na neno la naiti. Wakamtia pingu. Kwa hesabu yao ahadi haikumfunga Charles, kwa sababu aliyepewa hakuwa naiti. Siku hiyo hiyo farasi wakawakanyaga wakulima waliobaki bila kiongozi, na Cale akakatwa kichwa.

Fundi viatu akauliza, "Huyo Charles hakuvuliwa unaiti?"

Thubutu! Waliovuliwa wapo. Andrew Harclay wa Uingereza alivunjiwa upanga na kukatwa vichokoo vya farasi visiginoni mwaka 1323, kisha akanyongwa. Kosa lake? Alifanya mapatano ya amani na Waskoti bila ruhusa ya mfalme, wakati kaskazini kwenyewe kumechoka kuchomwa moto kila mwaka. Kupatana na adui bila kibali, unavuliwa. Kumdanganya mkulima, unarudi nyumbani kula.

Mfalme John aliachiwa Oktoba 1360 ili akatafute fidia. Desemba mwaka huo ikatolewa sarafu mpya ya dhahabu, yeye juu ya farasi, deraya mwilini, upanga juu. Ikaitwa faranga. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali, Lubumbashi na Moroni wanahesabu faranga mpaka leo, na babu wa jina hilo ni bili ya mfalme aliyeshindwa vita. Kodi zikawekwa kwenye bidhaa, kwenye mvinyo, kwenye chumvi. Nani anakula chumvi? Kila mtu.

Mwanawe Louis, aliyetolewa awe rehani, akatoroka kutoka Calais mwaka 1363. Mfalme akaona aibu. Januari 1364 akapanda meli kwa hiari yake, akarudi kwa Waingereza kujaza nafasi, London ikampokea kwa shangwe na karamu, na Aprili akafa huko huko. Kijana wetu macho yakamng'aa: "Mzee, mfalme gani leo anafanya hivyo?"

Hakuna, nakubali. Mimi mwenyewe nikimfikiria yule mtu amesimama bandarini, anaweza kubaki, na anapanda, namvulia kofia. Alishika neno lake kwa Edward. Alilishika kwa mtu mwenye jeshi, mwenye meza, mwenye waandishi wa kulisimulia. Kwa aliyekuwa analipa kodi ya chumvi hakuna aliyeapa chochote, na fidia yenyewe haikumalizika kulipwa mpaka mfalme akaingia kaburini.

Kwa hiyo bwana mdogo aliponiuliza aifute orodha, nilimwambia hapana. Ukweli ni ule ule, ushujaa ni ule ule, na Marshal mbele ya Richard anafaa kuigwa na mtu yeyote wa mtaa wowote. Ila mahali palipoandikwa "kutovunja kiapo" aongeze jina la mtu asiye na wa kumtetea. Tajiri wa pikipiki atamlipa tu, kanuni au bila kanuni, kwa sababu asipolipa pikipiki inachukuliwa. Anayenipa mashaka ni abiria kiziwi anayerudishiwa chenji pungufu.

Na wewe unayesoma, kama una binti wa kazi nyumbani, au kibarua aliyekuchimbia msingi, na fedha yake ya mwezi uliopita bado unaizungushazungusha, mpe leo, kabla ya magharibi.